Miezi 26 Katika Nyumba za Ufukweni, Malindi: Tathmini ya Mkaaji wa Mwaka Mzima

Mdogo wangu anayefanya kazi Muscat alinunua fleti ya vyumba viwili katika mtaa mmoja wa nyumba za ufukweni, kaskazini mwa mji wa Malindi, kwenye njia inayochepuka kutoka Barabara ya Lamu kuelekea ghuba, na kwa kuwa yeye huja nyumbani mara moja kwa mwaka, funguo ziliangukia mkononi mwangu. Nimekaa humo miezi 26. Nimeuona mtaa ukiwa umejaa taa na muziki katika msimu wa kaskazi, pepo za kaskazini zinazoleta wageni, na nimeuona katikati ya kusi, msimu wa pepo za kusini, ukiwa na familia nne tu na walinzi sita. Jina lake nimeliacha makusudi, maana mengi nitakayoyaeleza si aibu ya mwenye mtaa mmoja. Ukitembea kutoka Mambrui mpaka Watamu utakutana nayo chini ya majina mengine na rangi nyingine za kuta.

Hukumu yangu naitanguliza: ni nyumba nzuri, zilizofikiriwa vizuri, lakini aliyezichora alikuwa akimfikiria mtu wa wiki tatu. Mtu wa miezi 12 hakumo katika ramani. Karibu kila sifa na karibu kila kero niliyokutana nayo inatokana na jambo hilo.

Sifa ni za kweli. Fleti iko ghorofa ya pili na inatazama mashariki. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, mtu akikaa roshani huona mashua za wavuvi zikikata ghuba, na mbali upande wa kulia, hewa ikiwa safi, huonekana rasi yenye Nguzo ya Vasco da Gama. Dari ziko juu, madirisha yamepangwa yakikabiliana ili upepo upite, na katika miezi ya joto kali, Februari na Machi, nimewasha kiyoyozi usiku wa kuhesabika. Bwawa la kuogelea husafishwa kila siku. Kwa miezi yote hiyo sijapotelewa hata na kandambili. Mwezi wa kwanza, ambao ulikuwa Desemba, nilimtumia mdogo wangu ujumbe kwamba amenunua kipande cha pepo, naye amekuwa akinikumbusha maneno hayo kila ninapomtumia risiti ya fundi.

Risiti zilianza Aprili. Kusi ilipoanza kuvuma, haikuleta mvua na mawimbi tu. Ilileta manyunyu membamba ya chumvi ambayo hayaonekani kwa macho lakini huingia penye kila ufa. Asubuhi ukipitisha kidole juu ya kioo cha dirisha, kidole hurudi kikinata, na ukikilamba ni chumvi tupu. Kitu cha kwanza kuugua kilikuwa komeo la mlango wa roshani. Lilikuwa komeo zuri, la kung'aa, ambalo muuzaji alilisifu kwa jina la chuma kisichoshika kutu. Mwezi wa Mei vichwa vya skrubu vilikuwa vimeota madoa ya rangi ya chai, na kutoka kwenye kila skrubu mstari mwembamba wa kutu ulikuwa umeshuka juu ya rangi nyeupe ya mlango kama machozi ya wanja. Juni lilianza kugoma. Jumatatu moja ya Julai, nikiwa nimefunga suna, nilitoka roshani kuanua nguo, upepo ukaufunga mlango, na komeo likakataa kurudi. Adhana ya magharibi ilisikika nikiwa nje, nikiziangalia kupitia kioo tende zangu na gilasi ya maji juu ya meza ya ndani, hatua tatu kutoka nilipo. Mlinzi aliniletea ngazi baada ya kuswali. Simlaumu, na tende aliniletea pia.

Fundi niliyemwita kutoka Kisumu Ndogo alilitazama lile komeo kidogo tu akacheka. "Mwalimu," akaniambia, "hiki ni chuma cha Nairobi." Alinieleza jambo ambalo kila anayenunua nyumba ya ufukweni angepaswa kuelezwa kabla hajaweka sahihi. Chuma kisichoshika kutu kina daraja zake, na zile zinazouzwa sana madukani ni mbili, 304 na 316. Zote mbili hung'aa sawasawa, na hata sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, lakini ile ya pili imechanganywa na madini ya molibdenamu yanayoipa uwezo wa kuvumilia chumvi ya bahari, na bei yake iko juu. Aliyejenga aliweka ya kwanza kila mahali: makomeo, bawaba, vyuma vya kushikia ngazi, hata mabomba ya kuogea kando ya bwawa. Kwa mgeni wa Desemba hakuna tofauti, kwa sababu mwezi wa Novemba kikosi cha wasafishaji hupita na brashi na rangi, na kila kitu kinapendeza tena kwa muda wa kutosha kupigwa picha.

Komeo ni dogo. Lililonitia wasiwasi zaidi ni roshani zenyewe. Chumvi hupenya ndani ya zege taratibu mpaka ikafikia nondo, nondo zikashika kutu, na kwa kuwa kutu huhitaji nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilichoizaa, zege hupasuka kutoka ndani. Ukisimama katika fleti ya chini na kutazama upande wa chini wa roshani iliyo juu yake, utaona kama nyumba yako imeanza ugonjwa huo: nyufa nyembamba zilizonyooka, zikifuata mstari wa nondo, zenye ukingo wa rangi ya udongo. Katika jengo letu nimezihesabu roshani tatu za aina hiyo, zote upande wa baharini. Zimezibwa kwa saruji na kupakwa rangi, na baada ya kusi moja nyufa zimerudi palepale. Fundi anasema dawa ni kuchimbua zege mpaka kwenye nondo, kuisafisha au kuibadilisha, ndipo kuziba. Kazi hiyo haifanyiki kwa wiki moja ya Novemba.

Hapa huwa naikumbuka nyumba ya mama, iliyoko Shella ya hapa Malindi, mwendo wa tuktuk wa dakika chache. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, dari yake imeshikwa na boriti za mikoko, na upana wa kila chumba ulifuata urefu wa boriti iliyopatikana. Haina nondo za kushika kutu. Wala haiitazami bahari. Imeipa mgongo, na uwazi wake uko ndani, uani. Hata mji wa kale wa Gede, ambao wakaaji wake waliuhama karne ya 17 na ambao magofu yake yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ulijengwa kilomita kadhaa kutoka ufukweni. Sisemi kwamba nyumba ya mama haina kero, kwa maana chokaa hupukutika juu ya chakula na mchwa wamekwisha kula fremu mbili za milango, lakini ni nyumba iliyojengwa na watu waliojua kwamba wataamka humo Julai.

Bahari yenyewe inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo iliyouzwa. Tangazo lilionyesha maji ya buluu yanayolamba ukuta wa bustani. Picha ile sidhani ni ya uongo. Nadhani ilipigwa siku ya bamvua, wakati bahari hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, maji yakiwa yamejaa kabisa. Katika pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa siku za bamvua hufika karibu mita 4, na ghuba ya Malindi ina mteremko mdogo, kwa hiyo maji yakipwa huondoka kwelikweli. Zaidi ya hapo, ghuba hii inajaa mchanga. Mto Sabaki unaingia baharini kilomita chache tu kaskazini yetu, ukiwa umeanza safari kwa jina la Athi huko karibu na Nairobi na kupita Tsavo kwa jina la Galana, na udongo wote unaousomba mashambani huutua hapa. Hoteli za zamani za ghuba hii zilizojengwa karibu na maji leo zina uwanja mpana wa mchanga na vichaka mbele yake. Mimi nilihesabu hatua kutoka lango dogo la bustani yetu: maji yakijaa siku ya kawaida ni hatua 210, na adhuhuri, mchanga ukiwa umepata moto, hizo ni hatua nyingi kwa mtu aliye pekupeku.

Kisha kuna rangi. Mvua za vuli zikinyesha bara, Sabaki hushuka ukiwa mwekundu, na kwa kuwa msimu huo pepo za kaskazi zimeanza, mkondo huyasukuma maji ya mto kusini, moja kwa moja ndani ya ghuba. Ndiyo maana msimu wa wageni huanza na bahari ya rangi ya chai ya maziwa. Nimewaona watu waliotoka Italia wakiwa wamesimama roshani siku yao ya kwanza, mikono kiunoni, wakiyatazama maji kama mtu aliyepelekewa mzigo usio wake. Wakati wa kusi mkondo hugeuka na kuupeleka udongo kaskazini, na maji yetu husafika kiasi, lakini wakati huo mawimbi ni makubwa, mwani umelundikana ufukweni na kunuka, na mwenye kuogelea hayupo. Anayetaka maji maangavu na matumbawe aende kusini ya rasi, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi iliyoanzishwa mwaka 1968. Ni safari fupi, na mimi huifanya, lakini nyumba haikuuzwa kwa maneno ya "bahari safi iko upande wa pili wa mji".

Huo huo Sabaki ndio unaotunywesha. Maji ya mji hutoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto, na yakifika huwa mazuri. Hayafiki kila siku. Mtaa una kisima chake na tangi kubwa, na muuzaji alikitaja kisima hicho kama anayetaja mgodi wa dhahabu. Kuanzia Mei mpaka Septemba kisima kinatosha na maji yake yanavumilika kwa kuogea. Tatizo ni Desemba. Maji matamu ya chini ya ardhi karibu na pwani huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi, na pampu ikiyavuta mchana kutwa kwa ajili ya fleti 48, bwawa na bustani, ya chumvi hupanda kuchukua nafasi. Wiki ya Krismasi sabuni ilikataa kutoa povu na chai ilikuwa na ladha ya machozi. Boza la maji lilianza kuja kila siku mbili, na gharama yake tukagawanyiwa sote, waliokuwa na wageni saba na mimi niliyekuwa peke yangu, kwa viwango sawa. Umeme nao hukatika, ila jenereta huwaka ndani ya dakika moja, na kwa hilo sina neno.

Jambo linalokaribia kuupita ubaya wa chumvi ni ada ya huduma. Mdogo wangu hulipa shilingi 14,000 kwa mwezi, na kwa ada hiyo hupata ulinzi, usafi, bustani, bwawa, mafuta ya jenereta na mfuko wa matengenezo. Kiasi chenyewe si cha dhuluma kwa nyumba ya aina hii, mradi kila mtu alipe. Chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 kila fleti inaweza kuwa na hati yake, na wenye fleti kwa pamoja huunda shirika linalosimamia sehemu za wote, yaani paa, ngazi, kuta za nje na uwanja. Katika karatasi ni mpango mzuri. Katika mkutano wa mwaka niliohudhuria kwa niaba ya mdogo wangu, tulikuwa watu tisa katika viti 40, na nusu saa ya mwanzo ilikwenda katika kutafuta kama tisa wanatosha kupitisha lolote. Wengi wa wenye nyumba wako Milano, Nairobi au Dubai. Wapo wanaolipa kabla ya kudaiwa, na wapo ambao hulipa wiki wanayokuja, kwa kuwa hawaoni sababu ya kulipia bustani wasiyoitazama. Mfuko wa matengenezo ukawa unatumika kwenye vinavyoonekana. Kura ya kuchimbua zege la roshani ilishindwa. Kura ya kuezeka upya banda la kulia chakula kwa makuti mapya ilipita kwa shangwe.

Makuti hayo, kwa njia, yako mita chache kutoka jengo letu, na chini yake kuna taa, nyaya na jiko la kuchomea nyama. Malindi imekwisha kuona majengo ya makuti yakiteketea kwa muda wa kunywa kahawa, upepo wa bahari ukiwa ndio kipulizo. Niliuliza mpira wa maji ya kuzimia moto uko wapi. Upo, stoo, na ufunguo wa stoo anao msimamizi, ambaye hulala mjini.

Nije kwenye watu. Mama alikuja kunitembelea mara ya kwanza siku ya Idi, akiwa na sinia ya mahamri kichwani kwa shangazi aliyemsindikiza. Mlinzi aliwasimamisha langoni, akataka kitambulisho, akaandika jina, akapiga simu juu kuuliza kama nawatambua. Alikuwa akitimiza kazi yake, na alimwita "mama" kwa adabu zote. Lakini mama alipofika juu hakukaa mara moja. Alizunguka sebule, akafungua mlango wa jiko, akatazama. Jiko lina mashine ya kahawa ya Kitaliano iliyojengewa ukutani, na halina mahali pa kuketi na mbuzi ya kukunia nazi bila kuziba mlango wa friji. Hatimaye akauliza: "Mwanangu, baraza iko wapi? Mgeni asiye wa ndani utamkalisha wapi?" Nilimwonyesha roshani. Akasema, "Huko ni kwa kuangalia maji."

Mchuuzi wa samaki haruhusiwi kuingia, kwa hiyo ukitaka tafi au changu wabichi huna budi kushuka mwenyewe ufukweni saa moja asubuhi. Hilo sasa nalipenda, kwa kuwa limenijuza na wavuvi, lakini ndilo lililonifungulia macho kuhusu jambo jingine. Katiba ya 2010 inaihesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma, na wavuvi wa hapa wamekuwa wakipita kandokando ya ghuba tangu kabla ya ukuta wetu kuwapo. Hata hivyo katika msimu wa wageni walinzi huambiwa wawaombe "wasikae sana" mbele ya lango dogo. Nimemwona mzee wa umri wa baba yangu, nyavu begani, akiombwa hivyo na kijana ambaye kwao ni Ngomeni, kijiji cha wavuvi, na ambaye aibu ilimfanya aangalie chini alipokuwa akisema. Mzee alimjibu salamu yake, akaendelea kutembea kwa mwendo uleule.

Miezi ya kusi mtaa hunyamaza. Wengine wangeuita upweke. Mimi niliyefundisha madarasa ya watoto 60 kwa miaka mingi nimeupokea kama malipo ya uzeeni. Taa za ufukweni huzimwa ili kupunguza gharama, nyota hurudi, na mara mbili nimekuta asubuhi alama za kasa aliyepanda kutaga, pana kama za tairi la trekta. Desemba taa zile huwaka mpaka usiku wa manane, na vifaranga wa kasa, ambao hutafuta bahari kwa kufuata mwanga, wakianguliwa wakati huo watafuata bwawa letu.

Nani basi ninamshauri achukue nyumba humu? Anayetafuta mahali pa likizo, na ambaye atapangisha miezi mingine, atafurahi, mradi ahesabu ada ya huduma kama sehemu ya bei na si kama nyongeza. Anayetaka kuhamia aje kwanza apange Juni na Julai, miezi ambayo kodi huwa nusu, alale humo na madirisha wazi, kisha aombe kuonyeshwa hesabu za shirika la wenye nyumba na orodha ya wanaodaiwa kabla hajaonyeshwa bwawa. Asiye raia akumbuke pia kwamba kwa Katiba yetu hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya hati ya kupangisha ya miaka 99, hata kama muuzaji ana ulimi wa asali. Mwenye wazee wanaomtembelea mara kwa mara atafute nyumba mjini.

Mdogo wangu ameniuliza kama auze. Nimemjibu asiuze bado, kwa kuwa mwaka huu wakaaji wa kudumu tumefika familia saba, na saba pamoja na wenye huruma wachache wa Nairobi huenda tukaipata ile kura ya zege. Wiki iliyopita fundi wa Kisumu Ndogo alileta bawaba za shaba kwa ajili ya mlango wa roshani pamoja na komeo la 316. Vimegharimu mara tatu ya vile vya kwanza, na mlango sasa unafunguka kwa kidole kimoja, ndani na nje. Dirisha la jikoni bado.